Maneno Ambayo Baba Mdogo Hakuyaandika

Mama mdogo,

Viazi vya shamba la juu vimechimbwa vyote. Yule kuku wako mwekundu amehamia kwa Mama Tumaini na hataki kurudi. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo mepesi. Ungekuwepo ungenikata kauli: "Sema ulichokuja kusema."

Nina aibu, mama mdogo. Karatasi hii imekaa mezani wiki tatu.

Ni ile barua ya baba mdogo, mumeo, kutoka migodi ya shaba, Rhodesia. Ilikuwa Juni, miaka ya hamsini, baridi ya Mbeya inauma mpaka kwenye kucha. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma pale nyumbani kwake, ulikonilea tangu mama alipofariki. Ulifuta udongo mikononi, ukakaa mkekani, ukanyoosha miguu. Barua ilikuwa ya Kiswahili, na wewe wakati ule ulijua Kisafwa, na Kiswahili cha kuuzia viazi tu. Iliandikwa hivi: "Usiningojee. Nimeoa huku. Rudi kwenu, ukaolewe na mwingine. Ng'ombe wangu sidai."

Niliisoma kimya mara moja. Kisha nikakusomea kwa Kisafwa kwamba anakusalimu sana, kazi ni ngumu, atakuja mvua zikiisha.

Ukaniambia, "Soma tena pale anaposema atakuja."

Nikasoma tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuhurumia. Si kweli. Nilikuwa nimepata nafasi ya shule ya bweni Iringa, na pareto yako ndiyo iliyokuwa inipeleke. Ungerudi kwa babu, shamba lingebaki kwa ukoo wa baba mdogo, nami ningerudi nawe kuozwa kama binamu zangu wote. Basi nikakufunga kwa mume asiyekuwepo ili mimi nisome. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini mtoto anayejua hesabu zake.

Halafu akaja yule mgane wa Chimala, muuza mchele. Unamkumbuka? Mtu mpole, kofia hukaa mkononi, hakalii kiti mpaka aambiwe. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimevaa viatu vyangu vya shule, na ni mimi niliyemmiminia chai. Ulimwambia kwa adabu kwamba mume wako yu njiani. Ukanigeukia mimi, msomi wako, nithibitishe. Nikaitikia kwa kichwa. Aliacha kikapu cha mchele mlangoni, akaenda zake, na mwaka uliofuata tukasikia ameoa. Ulikuwa hujafika hata miaka thelathini. Hukuzaa.

Mimi nikapanda. Ualimu, digrii, uhadhiri wa fasihi, ukuu wa idara, mwisho naibu makamu mkuu wa chuo, mtu anayeitwa Profesa hata na muuza karanga wa getini. Nilisimama mbele ya madarasa kuwafundisha watoto wa watu namna ya kumtambua msimulizi asiyeaminika. Nilisaini barua za kuwafukuza walioghushi vyeti. Wengine walilia ofisini kwangu, wakasema walifanya hivyo kwa sababu ya shida. Niliwaambia shida si sababu.

Ulipoingia kisomo cha watu wazima pamoja na Mama Tumaini, uliniandikia barua yako ya kwanza, herufi kubwa kama punje za maharage. Wenzangu ofisini walinipongeza. Mimi niliingiwa na woga. Nikajituliza kwamba ile barua ya migodini ilishaliwa na mchwa, na wewe hukuuliza kitu. Kila nilipokuja ulinichomea viazi kwenye majivu, ukanimenyea mwenyewe kama vile sina mikono.

Sasa nikwambie ya siku ya maziko, kwa kuwa hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kabla ya kufukia, Mama Tumaini alisimama na kopo la majani ya chai. Akasema uliagiza barua iliyomo isomwe pale kaburini, na niisome mimi. Watu wa chuo walikuwa wamekaa viti vya mbele, tai shingoni. Nikaifungua. Chini ya neno "usiningojee" palikuwa na mstari wa penseli, umepindapinda, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Nikajua kwamba ulijua. Umejua tangu kisomo, ukanyamaza, ukanimenyea viazi, ukanisubiri niseme mwenyewe. Ukanipa na nafasi ya mwisho.

Nikavaa miwani. Nikasoma: anakusalimu sana, kazi ni ngumu, atakuja mvua zikiisha.

Watu walilia. Mchungaji alisema Profesa anasoma vizuri. Mama Tumaini hakulia. Alinitazama tu, akachukua kopo lake, barua akaniachia.

Nisamehe, au usinisamehe, hilo ni lako. Kwaheri, mama mdogo. Sikukuaga siku ile, maana sauti niliyokuwa nayo haikuwa yangu.

Tutaweka msalaba maharage yakishavunwa. Nimewaalika wote waliokuwepo, na wa chuo pia. Barua hii, na ile ya baba mdogo, sitazisoma mimi. Nitampa Mama Tumaini. Yeye husoma polepole, kidole chini ya kila neno, na haruki hata moja. Mimi nitakaa chini kwenye mkeka wako, ninyooshe miguu, nisikilize kama ulivyosikiliza wewe.

Akifika pale panaposema "usiningojee", nitamwomba asome tena.

Mwanao,
Agnesi