Vikaratasi vya Athieno

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Karanga hazijapaliliwa. Unga wa muhogo umepungua tena kwenye mtungi na mimi sijapika. Ni Athieno, mke wa marehemu mwanangu Wandera. Anaubeba kwenye kikopo kwenda shule anakofundisha. Nikimuuliza anasema ni kazi ya maktaba. Kazi gani inakula unga? Mimi niliishia darasa la nne na sijawahi kuona kitabu kikila.

Naandika Kiswahili changu cha soko la Busia. Humu ndani hakuna anayekipenda. Hawatachungulia.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeelewa habari yenyewe. Athieno halipwi na serikali, analipwa na wazazi wa watoto. Hedimasta amesema muhula ujao wazazi hawataweza kuwalipa walimu wote. Atabaki mwenye cheti cha maktaba. Ndiyo maana wiki nzima anafundisha darasa la tatu, halafu Jumamosi anakwenda Tororo kusomea hiyo kazi. Amekonda kama kuni. Jumanne mkaguzi kutoka chuo anakuja kuona maktaba aliyoipanga kwa mikono yake.

Huo ndio mtihani wake. Akianguka, kazi hana. Akikosa kazi atarudi kwao Mwello na wajukuu wangu wawili. Hajasema. Lakini mimi si mjinga. Mjane asiye na kazi anakaa kwa mama mkwe kutafuta nini?

Nabwire ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Ojambo saba. Ojambo anacheka kama baba yake, kichwa nyuma.

Jumamosi, 15 Machi

Athieno yuko Tororo. Nimetoa ufunguo wa maktaba kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Nikabeba ndoo ya kinyesi cha ng'ombe na udongo, nikaenda shule. Kimya. Mlinzi yuko mazishini.

Sakafu ya maktaba husiribwa na watoto wa darasa la sita kila Ijumaa. Wameisiriba kama kuku aliyeparua. Mgeni akanyage hapo? Nimerudia yote. Hakuna mwanamke hapa kijijini Bulumbi anayesiriba kunishinda, na nasema mbele ya Mungu.

Halafu vitabu. Mitumba mitupu. Ndani mna mihuri ya shule za Wazungu. Kila kimoja mgongoni kina kikaratasi kilichopinda, kina namba, na ute mweupe umekauka pembeni. Miaka ishirini nimeuza nguo za mitumba. Ukifungua mzigo, kazi ya kwanza ni kubandua vikaratasi vya huko zilikotoka. Mteja akiviona anajua ameuziwa taka ya mtu. Nikalowesha kitambaa, nikabandua. Vyote. Vidole vimechubuka. Nikavitupa chooni. Vitabu nikavipanga kwa urefu, kama sahani za harusi.

Vimependeza. Sijamwambia. Ataona mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Nimeimba kwa nguvu. Athieno alisinzia wakati wa mahubiri. Nikamfinya.

Jumatatu, 17 Machi

Athieno amerudi saa sita, si saa yake. Hakuvua viatu. Akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Mama, wamebandua namba zote."

Zile ni namba za vitabu. Kila kitabu kina yake. Imeandikwa kwenye daftari kubwa na kwenye ubao wa rafu. Kitabu bila namba hakina kwao. Miezi mitatu ameziandika kwa mkono watoto wakishatoka, akazibandika kwa uji wa muhogo.

Unga wangu.

Nilinyamaza. Naandika hapa ili nilione: nilinyamaza. Mdomo huu unaokemea kijiji kizima.

Akachukua unga uliobaki, akarudi shule kuanza upya.

Jioni Nabwire amekuja akichechemea. Hedimasta amechapa darasa la sita lote. Wao ndio wanaosiriba mle, basi ni wao. Fimbo nne kila mtoto. Nikampaka mafuta. "Nyanya, mimi Ijumaa nilikuwa kisimani, hata sikuingia." Nikamwambia nyamaza.

Mbona nimemnyamazisha yeye?

Jumanne, 18 Machi

Nilimaliza kukama ng'ombe, nikavaa gomesi ya kanisani, nikaenda. Mkaguzi alishafika. Msichana tu, mtaratibu. Baadaye nimejua alikuwa ameanza kumhurumia Athieno. Aliona daftari kubwa liko sawa, akasema madhali daftari lipo namba zitarudi, atampa wiki mbili amalize.

Hapo ndipo nilipoingia. Nikasema mbele yao wote: "Ni mimi. Nilivibandua mimi. Hedimasta, umepiga watoto wa watu bure."

Hedimasta akatazama dari. Msichana akaniuliza kwa upole, "Mama, ufunguo ulipata wapi?"

"Msumarini, nyumbani. Unakaa pale siku zote."

Nilisema kwa kujivuna. Ajue kwetu hakuna wezi.

Akaandika. Akaandika tena. Kumbe somo lao la kwanza ni hilo: ufunguo wa maktaba haulali nje ya ofisi ya shule. Vikaratasi wangemsamehe. Ufunguo hapana. Ameanguka. Arudie mwaka mzima.

Njiani Athieno alisema neno moja. "Mama, ungeniambia jana, tukiwa wawili."

Kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Hedimasta amempa barua. Muhula ukiisha, basi. Hajawaomba watoto radhi.

Kaka yake Athieno amempatia nafasi ya kufundisha shule moja ya Mwello. Wanamtaka wiki ijayo. Ameniambia akiwa amepiga magoti, kama siku alipoolewa. Anakwenda na watoto.

Shemeji yangu Ouma akasikia, akaja mbio na fimbo yake. "Shemeji, watoto ni wa ukoo. Sema neno tu, tukae kikao, hawatoki hapa."

Ni haki. Ndiyo desturi. Nilingoja aseme hivyo tangu Wandera afe.

Nikamwambia, "Utawalipia shule wewe? Kuku wako wenyewe wanalala kwa jirani." Akasema mdomo wangu ndio umefukuza mvua Bulumbi. Amekunywa chai vikombe viwili akaondoka.

Sitaita kikao. Nimeandika, nisije nikageuka.

Jumanne, 25 Machi

Wamekwenda. Nilimfokea Nabwire kwamba amefunga mzigo vibaya. Nikaufungua, nikaufunga upya. Ulikuwa umefungwa vizuri.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Miguu.

Nabwire amenipigia kwa simu ya mama yake. Shule yao mpya haina maktaba, vitabu viko kwenye sanduku ofisini. Ojambo amepata rafiki. Nikauliza kama wamekula. Wamekula, kwa mchicha. Nikauliza mama yao yuko wapi. Akasema yuko hapa, amekaa. Nikangoja. Nasikia tu kuku wa huko.

Halafu Athieno akasema, "Mama, umeamkaje?"

Nikamwambia nimeamka.