Siku Tuliyopimwa Mikono

Mdogo wangu Consolata,

Amahoro. Nakuandikia bila kujua uko kilima gani huko kwenu, ila Mungu anakuona, nami hilo linanitosha.

Leo nimekumbuka siku tuliyopimwa. Ulikuwa ndiyo kwanza umefika Mwandiga na mwanao mgongoni, wakati watu wa kwenu walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi. Kiha changu na Kirundi chako vilisikilizana mara moja, kikundi chetu cha mawese kikakupa kazi ya kutwanga. Mimi nilisema Bismillahi, wewe ukafanya ishara ya msalaba, mtwangio ukaenda.

Akaja bwana mmoja wa kupima kazi za vikundi. Bi Mwajuma, mwenyekiti wetu, kusikia tunapimwa akawaita majirani wote. "Njooni mjaze banda, asituone wavivu!" Wakaja kwa kanga zao nzuri. Na kwa kuwa mgeni halali njaa, tukampikia wali na kuku kwa kuni zile zile za kuchemshia ngazi, matunda ya michikichi yetu. Ulininong'oneza, "Dada, leo ni arusi ya nani?"

Siku ya majibu, bwana yule akatueleza taratibu.

"Mama zangu, mimi sipimi nani katoka jasho. Naangalia ngazi zilizoingia, kuni, na mikono. Halafu naangalia mafuta yaliyotoka. Wala siwalinganishi na kiwanda cha mjini. Nawalinganisha na vikundi wenzenu, wenye vinu kama vyenu. Nikivipima vyote, nitajua kazi nzima ya mawese ya Kigoma inaacha mafuta kiasi gani kwenye makapi."

Tulikuwa wa mwisho. Mikono mingi, kuni nyingi, mafuta yale yale.

Bi Mwajuma akainamisha kichwa. "Basi tupunguze watu. Waanze walioingia mwisho."

Hakukutaja. Lakini uliinuka, ukakaza mbeleko ya mtoto. Ulikuwa umeshazoea kuondoka. Nami nilijua pasipo banda lile huna pa kupatia chakula cha mtoto.

Nikakuvuta kanga. "Kaa."

Nikamgeukia mgeni. "Bwana, ile mikono si yetu. Wale ni majirani, tuliwaita kukupendeza. Na kuni nyingine umezila wewe."

"Nimezila mimi?"

"Ulipoomba kuongezewa wali."

Weee, banda likaanguka kwa kicheko! Bi Mwajuma alijifunika uso kwa mtandio. "Mama Zuhura, umenivua nguo mbele ya mgeni," lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Bwana yule naye alicheka, akasema atarudi siku asiyoitaja, na tusimpikie kitu.

Akarudi, akatukuta sisi wenyewe, wewe kwenye kinu, mtoto amelala kwenye kanga. Hatukuwa wa kwanza, siwezi kusema uongo. Wenzetu wa kikundi kilichotuzidi walikuwa wanafunika pipa la kuchemshia kwa majani ya migomba, moto hauendi bure, ngazi zinalainika mapema. Tukaenda kujifunza kwao, nasi tukaanza kufunika. Lakini hakuna aliyesema tena kwamba mikono imezidi. Alhamdulillahi, ukabaki mpaka amani iliporudi kwenu. Siku ya kuondoka uliniambia neno moja tu, "Urakoze," asante ya kwenu.

Mimi ni mzima, mdogo wangu. Mgongo unalalamika kidogo, lakini banda lipo, wajukuu wapo, mafuta yanatoka mekundu kama zamani. Sina la kumdai Mungu.

Leo asubuhi kaja binti mmoja mtaratibu, naye anapima. Hatukupika. Hatukuita mtu. Akauliza, "Mama, mko wangapi hapa?" Nikamjibu upesi. Wenzangu wakatazamana, Bi Mwajuma, mzee sasa, akacheka: "Mama Zuhura, umezidisha mmoja. Majirani tena?"

Nikahesabu upya, mtu mmoja mmoja, nikakuta niliyemzidisha ni wewe.

Nikamwambia binti afute, maana kipimo lazima kiwe cha kweli. Kwenye karatasi yake nimekutoa, Consolata. Huku kwangu, kila tunapoanza kutwanga, nikishasema Bismillahi nasubiri kidogo, upate nafasi ya msalaba wako.

Mungu akutunze, wewe na yule wa mgongoni, ambaye sasa huenda anakupita kimo.

Dada yako wa Mwandiga,
Mama Zuhura