Mche wa Karibu na Jiko

Baba Dina,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mama yako anasikia kila kitu. Huku Ibaba mvua haikatiki, maharage yamebeba, na Dina ameota meno, anang'ata hatari.

Miche ya zabibu uliyotuma kutoka Dodoma nimeitunza ulivyoagiza: hakuna kupuliza dawa, ili ugonjwa wa ubwiri wenyewe utuchagulie yenye kinga. Umechagua kwelikweli! Majani yaliota manyoya meupe kwa chini, yakakauka. Majirani wanapita wakiguna, "Mke wa bwana shamba, shamba limemshinda!" Nacheka tu.

Miwili ilibaki safi. Nilitaka kukupigia kwa furaha, ila jana nikamkuta mama ameuinamia mmoja, ule wa karibu na jiko, bomba la dawa ya viazi mgongoni. Kumbe anaupulizia tangu mwanzo!

"Huu nimeuita Nsajigwa," akasema bila aibu. "Nimwangalie mwanangu akioza?"

Basi huo usiuhesabu. Ule wa mferejini ndio wa kweli, haukupuliziwa na mtu. Uuzalishe na mwingine wenye kinga tofauti, maana ulisema kinga moja ubwiri huizoea.

Lakini pingili zake sizitumi kwa basi, njoo uzikate mwenyewe. Mama kifua kinambana, bomba analibeba kwa kupumzika, na amenikataza nisikwambie. Kila asubuhi anausalimia ule mche kwa jina lako, kisha anangoja kidogo.

Njoo umwitikie.

Mimi wako,
Mama Dina