Kabla Mama Hajaniambia Nirudi

Mpendwa Dada Kadii,

Nakusihi uisome barua hii ukiwa peke yako, na neno lolote lililomo lisimfikie mama. Hujambo lakini? Shemeji na watoto wazima? Maji ya mfereji yamefika shambani kwenu Bura, au bado mnayangoja?

Mama, na wenzangu wa ofisini Garsen, wanajua niko Mombasa kwa mafunzo ya makarani. Sivyo, dada. Nimelazwa. Nina saratani ya damu. Ningekupigia simu, ila midomo imevimba, na najua ningelia tu.

Dawa ilianza vizuri, daktari akasema damu inasafika. Kisha siku moja, dripu ikiwa bado mkononi, mwili uliniwasha kama niliyemwagiwa upupu. Vipele vilipanda hadi usoni, macho yakafumbana, pumzi ikabana. Wauguzi wakaifunga dripu mbio. Ni mzio, dada: mwili unaikataa dawa ile ile inayoniponya. Nimejikuna hadi ngozi ikachubuka, na Nesi Jumwa ananitania ati watu wa Tana tumeanza kuota magamba kama mamba wa mtoni. Nacheka, kisha namkumbuka mama akisonga sima, na mboga yake ya mchunga wa nazi, na harufu ya matope ya kwetu Minjila mafuriko yakipungua, nashindwa kumeza chakula cha hapa.

Alhamisi ijayo wataijaribu tena, tone kwa tone, daktari akiwa kando yangu. Anasema kwa sasa hana nyingine ya kunipa.

Lililo zito kukueleza ni hili. Jumapili nilitoroka wodini nikapanda basi la Garsen. Konda aliniuliza kama nimepigana na nyuki, akanipa kiti cha dirishani. Sikushuka kwa hiari. Abiria walilalamika kuwa huyu ni mgonjwa, wakanishusha, nikarudi wodini. Mama akiniona hivi atasema twende nyumbani, nami nitamfuata, nife huko. Wewe ndiye uliyenirudisha bwenini nilipotoroka shule, ukilia njia nzima lakini hukuniachia mkono.

Nisalimie watoto, bila kuwaambia ninakotoka salamu.

Jina la hospitali liko nyuma ya bahasha. Fika Jumatano. Langoni mwulizie Nesi Jumwa, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili. Nawa mikono, vaa barakoa, usinikumbatie, ngozi bado inauma. Kiti chako kiweke mlangoni, nisipate pa kupita.

Ni mimi mdogo wako,
Kaingu