Kila Harusi na Mafuta Yake

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii. Sisi tuko wazima. Mkwe wako kikohozi kimemwacha, na watoto wanakula kama nzige. Nawe Papa, macho yanaendeleaje? Barua uliyomwandikisha katekista haikusema neno juu ya macho. Iliuliza tu: motokari inang'aa? Wajukuu hukuwaulizia hata mmoja! Katekista, wewe unayemsomea, na hapo usiparuke.

Basi nitajibu, ingawa nimechoka kabisa na habari za motokari hii. Unajua mambo ya hapa: mwenye motokari hawezi kuwanyima watu wa harusi, na upande wa bibi harusi ndio wanaoiosha na kuing'arisha uani kwao, iwe heshima yao. Tangu uniachie motokari hii na kurudi Kabalo, kila harusi ya kartie, mtaa wetu huu, imekuja na mafuta yake. Wa kwanza waliipaka mawese, eti rangi inakauka kwa jua. Ilimeta vizuri mpaka kona ya kwanza, kisha vumbi lote la barabara likaja kukaa juu yake, na bibi harusi akashuka kanisani gauni lina doa kiunoni. Lawama kwa nani? Kwangu! Wengine wakaleta siraje nyekundu, ile ya kupaka sementi ya barza. Motokari ya buluu, Papa! Nikapiga kelele, mama mmoja akanijibu, "Weye Ngoy, siraje ni siraje tu. Kwangu barza inangaa mupaka nzi anateleza." Nilikaa siku nyingi nikitoa wekundu kwenye mikunjo ya milango.

Lakini balaa lenyewe ni shemeji, kaka ya mke wangu, huyu anayefanya biashara na Kigoma. Kwa harusi ya binti yake alileta kopo kutoka ng'ambo, lina maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wakapaka, wakasugua, kitambaa kikageuka buluu. Wote wakashangilia. "Njo buchafu inatoka!" shemeji akasema, anapiga makofi. "Musiache, musugue!" Nilipofika kutoka kazini nikachukua dawa kidogo, nikaisaga kati ya vidole: ina chenga kama mchanga laini wa ziwa. Dawa ile ni ya kukwangua rangi iliyozeeka, kwa mkono mwepesi, na ukimaliza ndipo upake nta ya kuifunika. Wao wamekwangua asubuhi nzima, na nta hawakupaka. Juu ya kapo, kifuniko cha injini, pale mbele ya kioo, rangi imekwisha na ile ya kijivu ya chini imetokea. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Ndiyo, nililia, kwa sababu ya motokari. Shemeji akaniuliza kama nina homa.

Sasa sikia. Numbi, kitinda mimba wako, anaolewa baada ya Pasaka, na wewe unakuja. Safari hii upande wa bibi harusi ni sisi. Kuing'arisha ni kazi yetu, na nyumba imegeuka soko: mke wangu anataka siraje nyeupe ya viatu, shangazi anataka mawese tena, "lakini kidogo", na shemeji ana kopo lingine, hana hata haya. Nikamwuliza Numbi mwenyewe. Akasema, "Yaya Ngoy, miye sina shida na kungaa. Nataka Papa aijue." Mke wangu akaweka kando siraje yake. Maana tunajua, Papa, hata kama barua zako hazisemi. Hutaiona. Utaishika kwa mkono.

Ndiyo sababu naandika. Lile kopo lako la nta, ulilokuwa ukilificha chini ya kiti na kukataa kutuambia mna nini ndani, bado unalo? Uje nalo kwenye treni. Kama nta imekauka, tutaiweka juani ilainike. Wewe utasema kiasi, mimi nitapaka, na mtu atakayeingia uani kwangu na mafuta yake siku hiyo nitamfukuza, hata kama ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.

Nisalimie Mama mdogo anayekupikia. Baba mdogo wa stesheni, akutafutie nafasi ya kukaa dirishani. Na katekista, kwa uvumilivu wake.

Jambo moja nusura nilisahau. Ukifika, usianze kwa kapo, utaumia bure. Anza kwa mlango wa dereva, kwenye ukingo wa dirisha. Wamepasugua pale kwa mawese, kwa siraje, kwa dawa ya Kigoma, na hapakung'aa hata siku moja, kwa sababu rangi ilikwisha zamani. Unawalaumu watu wote, Papa, lakini aliyeanza kuimaliza rangi ya motokari hii ni wewe. Weka kiwiko chako hapo, kama ulipokuwa ukiendesha. Utaijua.

Mwanao anayegombezwa kila harusi,
Ngoy