Msimpe Mtoto Jina la Gaudensi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na mahindi hapo Ruhuwiko yamebeba, au mbuzi wa jirani wamewahi tena? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ayalandi ina roho mbaya. Barua hii naipiga picha, dada akusomee kwenye simu leo leo.

Nimepata habari kwamba Jumamosi mnamaliza msiba wa kaka Gaudensi, ingawa huko machimboni hakuna aliyeuona mwili, na kwamba mtoto wa dada atarithi jina lake. Nilikubali. Sasa nakataa.

Mzee ninayemtunza alikuwa mwalimu wa Kiairishi. Hasikii kabisa, mimi humwandikia kwenye ubao mdogo. Kila siku lazima anifundishe neno, nitake nisitake. Alhamisi, tukinywa chai, likawa clú, yaani sifa ya mtu kujulikana. Alisema limetokana na neno la kale sana la kusikia: clú ni kile kinachosikika kukuhusu. Herufi yake ya mwanzo hubadilika kumfuata mwenye sifa: ya mwanamke hubaki clú, ya mwanamume huwa chlú, inakwaruza koo. Tena kwao mtu hana clú, clú iko juu yake.

Nikaandika: nipe mfano.

"Tá clú ar Gaudensi," akasema, yaani sifa iko juu ya Gaudensi.

Mama, jina hilo sijawahi kulitaja katika nyumba ile. Chai ilinimwagikia. Nikaandika: umelitoa wapi?

"Nalisikia. Kuna mama analiita kila jioni, mara tatu, amesimama mlangoni akitazama barabara."

Ni wewe. Unamwita kama bibi alivyotufundisha kumwita aliyepotea, na umewaficha wote kwa sababu wao wanamlilia kama aliyekufa. Nawe unajua, jina likisharithiwa haliitwi tena barabarani.

Nikaandika kumuuliza kama huyo anayeitwa anaitika. Mzee akafumba macho, akasikiliza.

"Anaitika. Juzi alikuwa Nakapanya. Jana Tunduru. Leo amepita Namtumbo."

Hiyo ni njia ya nyumbani, Mama, na mzee huyu hajawahi kufika Afrika. Naogopa, sikufichi. Sijui anayekuja ni mzima au vipi. Lakini ni wetu.

Nisalimie baba mdogo, umwambie pombe ya msiba isubiri. Nisalimie dada, mbusu mwanawe, mpeni jina lolote lingine. Kaka akifika mlangoni ukamwita, asikute mwingine ameshaitika.

Mwanao,
Edita