Matawi mu Barabara

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Afia yako iko namna gani uko Kongolo? Na Mama mukubwa, dada yako mwenye ulienda kutunza, anakula kidogo? Siye hapa Bel-Air tuko bazima, lakini moyo haikae. Ninakaa, ninasimama, ninaenda ku mulango, ninarudi.

Barabara inapanuliwa, Mama. Kwanza tulifurahi: vumbi itaisha, Mokambo, kule ku mupaka, itakuwa karibu! Kisha bantu ba chantier, benye kutengeneza barabara, bakapita na rangi nyekundu kutia alama ku nyumba za kubomoa. Boutique ya Mama Kapinga, jirani yetu, musalaba. Nyumba yetu, musalaba. Nikabaonesha karatasi ya parcelle, ya kiwanja yetu. Banasema marehemu Papa alijenga mita mbili ndani ya njia. Papa, mwenye alitumika ku reli maisha yake yote, asijue kupima? Nilikasirika mupaka nikalia.

Juma tatu mashini ya kubomoa ikafika. Nikakimbia, nikavunja matawi ya muti ya avoka, nikatupa mu barabara, vile tunafanyaka kukiwa kilio. Dereva akazimisha, akashuka, akavua kofia yake ya chantier.

"Pole, mama. Ni nani alikufa?"

Kinywa yangu, Mama! Ikasema: "Ni mama yangu."

Akajibu: "Tunaheshimu kilio. Tutarudi kisha siku tatu."

Nikafikiri nimeshinda. Kumbe bamama ba chorale ya kanisa baliona matawi! Haikupita saa moja, beko mu parcelle na viti na masufuria, banalia jina yako. Mama Kapinga akajiangusha chini kabisa. Ningesema nini? Nikalia nabo. Nilianza kwa bongo, kwa kudanganya tu, lakini katikati machozi ikakuwa ya kweli, juu mu mawazo nilikuona umelala mu sanduku.

Déo, mudogo yangu, akafika toka Kambove, kichwa amenyoa. Nilipomwambia kweli, akasema: "Yaya, kifo habaiitake bule; ukiiita, inakuya." Tangu pale hanisemeshe.

Na simu yako haipite tangu ile Juma tatu. Banasema ni réseau, mutandao umekatika. Mama, ninaogopa. Ninampa barua hii Papa Ngoy wa ku train, aifikishe mu mikono yako.

Salimia Mama mukubwa, na kaka yako katekista, na bibi jirani mwenye kusuka vikapu.

Kesho mashini inarudi. Ibomoe nyumba, sitatupa tena hata jani moja. Weye uniandikie tu, kwa mukono yako mwenyewe: niko.

Mutoto yako,
Albertine